Giza la Kumi na Tatu

Mama yangu alifariki usiku wa kuamkia Februari 27, 2021, na mwezi ulikuwa mpevu. Nina hakika na mwezi kwa sababu niliporudi kutoka hospitali, hakujapambazuka bado, sikuingia ndani. Nilipanda jabali lililo nyuma ya nyumba yetu hapa Pasiansi, nikakaa kulitazama ziwa. Siku nyingine ukikaa pale unaona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga majini kama mtaa mwingine wa Mwanza. Usiku ule hapakuwa na taa hata moja. Dagaa hufuata mwanga, na mbalamwezi ikishaangaza ziwa zima, taa ya mvuvi haina tena cha kumwambia dagaa. Kwa hiyo wavuvi hubaki mwaloni. Wanashona nyavu, wanalala, wanakopa. Wanasubiri giza liingie.

Nyumbani kwetu giza lilikuwa neno la kalenda. Mama aliuza dagaa Mwaloni, Kirumba, kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila alichoahidi au kuahidiwa kilikuwa cha giza fulani. Ada yangu ya sekondari ililipwa giza likiingia. Bati la chumba cha pili lilipigwa giza lilipoisha. Nikiwa mdogo nilishangaa kuona watoto wengine wanaogopa giza. Sisi kulipokuwa na mwezi ndipo tulipokula ugali kwa mchicha mfululizo.

Miezi minne kabla ya msiba nilikuwa nimeanza chuo, na hapo yafaa nieleze kwa nini mtu wa miaka 45 anaanza chuo. Mimi ni mwandishi wa habari wa kujitegemea, yaani nalipwa kwa habari inayotoka, na isiyotoka nimeiandika bure. Kazi hiyo nimeifanya zaidi ya miaka ishirini kwa kidato cha nne na cheti cha mwaka mmoja. Kisha ikaja Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, na kanuni zake za 2017 zikataka mwandishi awe na stashahada walau. Tukapewa miaka mitano. Kama ilivyo kawaida yetu, miaka mitatu ya kwanza tuliitumia kubishana kama sheria hiyo itatekelezwa kweli.

Oktoba 2020 nikajiandikisha katika chuo kimoja hapa mjini. Ada ikapungua laki tatu. Mama aliingia chumbani, akatoka na noti zimefungwa kwenye kitambaa. Zilinuka dagaa.

"Nitakurudishia, mama."

"Giza likiingia," akasema, wala hakucheka.

Siku ya kwanza darasani, mwalimu aliyeingia alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi. Aliponiona akanyoosha mkono kabisa. "Shikamoo mzee," akasema, kisha akaniomba kwa upole nikasubiri nje pamoja na wazazi wengine. Darasa zima lilicheka, mimi nikiwamo. Tangu siku hiyo wenzangu wakaniita Mzazi. Ni vijana waliozaliwa kuanzia mwaka 2000 kuja juu, wana adabu na wana kelele, na walinifundisha msamiati ambao magazeti yetu hayauandiki. Kupiga msuli ni kusoma sana. Sapu ni mtihani wa kurudia. Disko, ambalo kwangu lilikuwa dansi, ni kufukuzwa chuo kwa kufeli.

Mama akapenda sana neno hilo. Kila jioni nilipochelewa kurudi aliniuliza kama nimetoka disko.

Tulimzika Ukerewe, kwao. Kabla ya mazishi msemaji wa familia alisimama akatangaza kama inavyotangazwa misibani: anayemdai marehemu aje aonane na familia, na anayedaiwa naye aje. Wadai walijitokeza wawili, kwa pesa za vifungashio. Wadaiwa hakuja hata mmoja, na kwa nyuma nilisikia watu wakiguna, maana nusu ya waliokuwa pale walikuwa watu wa Mwaloni.

Siku tuliyogawa nguo, dada yangu alitoa chini ya godoro kaunta buku lenye jalada jekundu, kona zake zimelika. "Hili la kwako," akaniambia. "Wewe ndiye wa kalamu."

Nilidhani ningelisoma jioni moja.

Kabla sijafika mbali, nchi nayo ikafiwa. Rais Magufuli alifariki Machi 17, na Machi 24 mwili wake ukaagwa katika uwanja wa CCM Kirumba. Barabara ya kutoka uwanja wa ndege kwenda Kirumba inapita hapa Pasiansi, kwa hiyo mtaa wote ulishuka barabarani. Mimi nilikuwa kazini, daftari mkononi, nikiuliza watu wanajisikiaje. Mama mmoja mwuza ndizi aliyekuwa akilia alinitazama kidogo, akaniuliza: "Na wewe, baba, mbona umenyoa?" Nikamwambia nimefiwa na mama yangu, bado hata arobaini. Akafuta machozi yake, akanipa pole, akaanza kuniuliza mimi: aliugua nini, mmezika wapi, ameacha wangapi. Nilijibu yote. Nilipofika nyumbani niligundua sikuwa na nukuu hata moja ya kupeleka gazetini, na kwamba kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilikuwa nimezungumza habari za mama kwa sentensi kamili.

Habari ile sikuiandika. Nikakosa malipo yake.

Sasa kaunta buku. Tatizo langu la kwanza lilikuwa la kitaaluma. Muhula ule tulikuwa tunakaririshwa kwamba habari ina maswali yake: nani, nini, lini, wapi, kwa nini. Kitabu cha mama kilikuwa na nani na nini, lakini "nani" mwenyewe hakuwa na jina. Waliandikwa kwa alama alizozijua yeye: kipara wa boti, Mkongo mrefu, mama mandazi, mwenye jino. "Lini" ndiyo kabisa. Hakuna tarehe hata moja katika kurasa zaidi ya mia. Kuna "giza la nyuma ya Pasaka", "giza la mvua", "giza la pili mtoto kaenda jeshi". Na kila mstari uliokwisha ulifungwa kwa neno moja kati ya mawili: "kalipa" au "basi". Nikadhani ni neno lilelile, analibadilisha kadiri mkono ulivyochoka.

Mkono wenyewe ulikuwa wa herufi kubwa, zilizosimama mbalimbali kama watu wasiojuana. Mwandiko wa kisomo. Mama hakuwahi kuingia shule ya watoto. Alijifunza kusoma mwaka 1971, ana miaka ishirini na ushee, katika ghala la pamba kijijini kwao, na hilo halikuwa jambo lake peke yake. Mwaka 1970 ulikuwa umetangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na ulipokuwa unakwisha Mwalimu Nyerere akataja wilaya sita ambazo ujinga wa kutojua kusoma ulitakiwa ufutwe humo ndani ya 1971: Kilimanjaro, Pare, Tanga, Masasi, Mafia na Ukerewe. Mama alipenda kusema kwamba Rais alimtaja yeye redioni. Sikumsahihisha.

Kanda hii ya ziwa ilikuwa na sababu nyingine ya kutangulia. Tangu 1968 Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa majaribio wa UNESCO na serikali, uliohudumia mikoa minne ya wakati huo, yaani Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao siku hizi ni Kagera. Wazo lake lilikuwa jepesi na bado naliona la akili: mtu mzima asifundishwe herufi kwa maneno ya kitoto, afundishwe kwa kazi yake. Mkulima wa pamba asome pamba. Mvuvi asome uvuvi. Anapojua kuandika neno awe amejua pia kupima mbolea au kutunza wavu. Ndiyo maana mama aliweza kuandika "gunia", "debe" na "nyavu" bila kosa, na mpaka anakufa jina langu aliliandika kwa kubahatisha.

Walimu wa kisomo wengi walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba. Wa kwake alikuwa msichana mdogo kwake kwa miaka sita au saba, na mama alimwamkia "mwalimu" hadi uzeeni. Nilipomlalamikia kuhusu yule kijana aliyenitoa darasani, alinijibu kwa swali moja tu: "Anajua usilolijua au hajui?"

Mafanikio ya kampeni zile yaliandikwa sana. Jaribio la kitaifa la 1975 lilikuta watu wazima wasiojua kusoma wamebaki asilimia 39, kutoka karibu theluthi mbili miaka minane nyuma, na kufikia 1986 serikali ilitaja asilimia 9.6. Mwandishi wa habari akiona tarakimu zinashuka hivyo anapaswa kuuliza zilipimwaje. Ninayo maswali yangu. Lakini ninalo pia kaunta buku.

Kulikuwa na gazeti. Watu waliohitimu kisomo walihitaji kitu cha kusoma la sivyo wangesahau, kwa hiyo mwaka 1974 hapa Mwanza likaanza gazeti la kanda lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Nakala kuukuu za gazeti hilo ndizo zilizotandikwa kwenye kabati letu la vyombo, na hapo ndipo nilipojifunza kusoma kabla ya shule, kichwa kimepinda, kwa sababu sahani zilifunika nusu ya kila habari. Nimetumia maisha yangu nikijaribu kujua zile nusu nyingine zilisema nini.

Mitihani ya Julai nikapata sapu. Somo lilikuwa mbinu za utafiti. Nilikuwa najua kumtafuta mtu Mwaloni kwa jino lake lililovunjika, lakini mtihani ulitaka nieleze kwa Kiingereza jinsi ya kuchagua sampuli, na Kiingereza changu ni cha kusoma mabango. Nimeandika Kiswahili miaka ishirini, nitakiandika mpaka nife, na cheti cha kuniruhusu kukiandika napimwa kwa lugha nyingine. Nililisema hilo darasani. Vijana wakapiga makofi, mwalimu akatabasamu, sapu ikabaki palepale.

Kwa hiyo Agosti yote niliamka saa kumi alfajiri kupiga msuli. Wanaoijua Pasiansi watakwambia saa hizo hatulali peke yetu. Tuna jirani, Chuo cha Taaluma ya Wanyamapori, kilichoanzishwa mwaka 1966, kinachofundisha askari wa wanyamapori wanaokwenda kulinda mapori na hifadhi za nchi hii. Asubuhi wanakimbia mchakamchaka wakiimba, na buti zao unazisikia kabla ya sauti zao. Nilikaa kwenye kiti cha mama barazani, notisi za sampuli mapajani, nikawasikiliza wakipita. Sauti moja nyuma kabisa ilikuwa haipatani na wenzake, kila siku, ikichelewa nusu pigo. Nilimzoea yule kijana nisiyemwona. Kuna asubuhi moja hakusikika, nikashindwa kusoma mpaka kesho yake aliporudi.

Septemba nikafaulu sapu kwa alama C. Dada yangu alichinja kuku.

Baada ya hapo nikawa na nguvu ya kwenda Mwaloni na kile kitabu. Sikuenda kudai, ingawa sitakataa kwamba pesa zingenifaa. Nilitaka kujua kama naweza kumpata mtu mmoja kutoka mstari mmoja. Nilianza na "kipara wa boti, gunia 2, giza la nyuma ya Pasaka", mstari ambao haukufungwa. Mwaloni kuna vipara wengi. Wa nne ndiye aliyekuwa yeye, mzee wa makamo, ameketi juu ya marobota ya dagaa yanayosubiri lori la Burundi.

Alipoona jalada jekundu alisimama. "Nilijua kitakuja," akasema.

Nikamwambia kwa haraka kwamba naona wengine wamelipa na wengine wamelipa, kwa hiyo asijali. Hakunielewa. Nikamfungulia kurasa. Akaweka kidole kwenye "kalipa", akasema, huyu kalipa. Akakishusha kwenye "basi".

"Huyu hakulipa. Huyu mama alimwambia basi. Mama yako akikwambia basi, ujue amekuachia, hakuulizi tena mpaka kufa." Akanyamaza. "Mimi hakuniambia."

Siku hiyo alinipa elfu ishirini, na kila giza lililofuata elfu ishirini nyingine, mpaka akamaliza. Sikuwahi kumdai.

Nilirudi nyumbani nikaanza kitabu upya, ukurasa wa kwanza. Kitabu nilichodhani nimekisoma kilikuwa kitabu kingine. Nilihesabu: "basi" zilikuwa karibu nusu. Mama ambaye tulimjua kwa ugumu wa mkono, aliyewahi kunifuata shuleni kwa ajili ya kalamu iliyopotea, alikuwa ameachia nusu ya jasho lake bila kutuambia. Mistari yote ya "basi" haikuwa na sababu, isipokuwa mmoja. Katikati ya kitabu, kwa kalamu nyekundu, ameandika: "dada wa Ukara sado 10 basi meli".

Neno moja zaidi. Swali la tano la mwalimu wangu lilikuwa limejibiwa.

Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kinakaribia gati ya Bwisya, kisiwani Ukara. Walikufa watu zaidi ya 220. Nilitumwa kule. Kwa siku kadhaa niliandika idadi asubuhi, nikaisahihisha mchana, nikaisahihisha tena usiku, na nilirudi Pasiansi nikiwa nimechoka kiasi kwamba sikumwambia mama chochote, naye hakuniuliza. Aliniwekea maji ya kuoga. Sasa naona kwamba katika siku hizohizo, chumba cha pili, alikuwa na habari yake. Sijui dada wa Ukara alifiwa na nani au kama ni yeye mwenyewe aliyekuwa ndani ya kivuko. Nimemuulizia Mwaloni. Waliomfahamu wananiambia tu kwamba hakuonekana tena sokoni. Nimezipitia habari zangu zote za wiki ile, nimezihifadhi. Zina majina, vyeo, na tarakimu. Hakuna iliyoufikia mstari ule.

Novemba nikaazima kitabu ambacho kila mtu wa Ukerewe anadai amekisoma: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, cha Aniceti Kitereza. Ni kitabu kinene, na kinakwenda mwendo wake. Mume anataka kumrudisha mkewe kutoka kwa wakwe, na mwandishi hataki uende popote mpaka ujue pombe ya ndizi inatengenezwaje. Zamani kiliniudhi, nikakiacha. Safari hii nilisoma taratibu, nikamsikia mama humo: jinsi ya kukaribisha mgeni, jinsi ya kukataa bila kukataa. Kitereza alikimaliza kukiandika kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata wa kukichapa. Watoto aliowazaa na mkewe Anna walikuwa wamekufa wote wangali wadogo. Akakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka mwaka 1980 kwa Tanzania Publishing House, na mwaka 1981 akafariki hajakishika mkononi. Miaka thelathini na mitano ameketi Ukerewe na kitabu kisichochapwa. Mimi nilikuwa nimelalamikia sapu.

Ukurasa wa mwisho wa kaunta buku nilikuwa nimeuona tangu Aprili, nikawa nauruka. Unasema: "mtoto wangu chuo laki 3". Hakuna "kalipa". Hakuna "basi". Niko mstari mmoja chini ya mwenye jino.

Februari 27, 2022, tulikutana Ukerewe kwa ibada ya mwaka. Tangu mama aondoke giza lilikuwa limeingia mara kumi na mbili, na la kumi na tatu lilikuwa siku tatu mbele. Mwezi ulibaki kipande chembamba cha alfajiri. Watu walipotawanyika nikabaki barazani na mama mdogo, ambaye naye alisoma kisomo katika ghala lilelile. Nikamwonyesha ule ukurasa. Akavaa miwani, akapitisha kidole, akasoma kwa sauti, silabi moja moja, kama walivyofundishwa.

"Umelipa?"

"Mama mdogo, nitamlipa nani?"

"Sikuuliza hivyo." Akasoma tena. "Chuo umemaliza?"

"Bado muhula mmoja."

Akaniomba kalamu. Nikampa. Akaishika muda mrefu juu ya karatasi, pale ambapo mama angeweka neno, na mimi nikajikuta nimeacha kupumua kama mtoto anayesubiri matokeo. Kisha akaifunga, akanirudishia, akafunga na kitabu.

"Giza likiingia," akasema.

Kule chini mwaloni vijana walikuwa wanapakia taa kwenye boti.